Mkuba Aliyesokota Mkonge

Mjukuu wangu Mwende,

Hujambo huko Mombasa? Sisi hapa Kathonzweni ni wazima, na pojo zimekomaa. Usicheke nikikuita mjukuu. Nina miaka kumi na saba tu, lakini susu yako ni dada yangu, kwa hivyo na mimi ni nyanya yako.

Umeuliza vile nilishinda kombe la uigizaji na haya zangu hizi. Niliigiza msichana wa Kuba aliyehamia Marekani, anaomba nafasi yake ya kwanza kwenye filamu. Acha nikuungamie: jukwaani nilisahau kila neno. Nikakaa chini, mikono ikaanza kusokota uzi wa mkonge pajani, kama tunaposuka vikapu vyetu vya vyondo. Na mkonge wenyewe haukuwepo!

Mama mmoja kati ya watazamaji akaita, "Wee msichana, uzi umekatika!"

"Nitauunga, mama," nikamjibu. "Nimetoka Kuba nikiunga."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na maneno yangu yote yakarudi. Jaji alisema hakujua Wakuba husokota mkonge, lakini alimwamini yule msichana.

Sasa tunaenda mashindano ya Kitui. Haya bado ninazo, Mwende. Mikono yangu ndiyo haina.

Susu yako mdogo, mwenye kombe,
Mutheu