Jina Unaloitikia Kila Asubuhi

Baba mdogo,

Nilitaka kuanza na "mpendwa". Nimeliandika mara tatu, nimelichana mara tatu. Unanijua, mbele ya watu mdomo wangu haufunguki. Humu nitasema yote.

Unakumbuka tulivyokwenda Gatsata, wewe, mimi na baba, kutafuta bati la lile sanduku la redio? Askari wa kigeni walikuwa wameshafika Kigali, kila nchi na redio zake, na wa kilima hiki wakiita, wa kilima kile hawasikii kitu. Afisa wao mmoja alikuwa amekuja karakana kwetu Nyamirambo kumuuliza baba kama anaweza kuziunganisha. Nilitafsiri kwa Kifaransa changu cha shule, nimejificha nyuma ya mlango, ukasema, "Mkalimani wetu iko anaongea na ukuta." Nilicheka. Nilikupenda, baba mdogo. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu nisiungue.

Baba alinieleza sanduku kwa Kiswahili: linasikiliza redio hii, linasema kwenye ile. Ila lisipotulia kati ya zamu mbili, linajijibu lenyewe, linapiga kelele hadi masikio yaume. "Mmoja akimaliza, lingoje kidogo," alisema. "Hata sanduku lifunzwe adabu." Akanionyesha kapasita ndogo ya kulingojesha. Hakuichora.

Ulijua desturi yake. Katika kila mchoro kuna kitu kimoja hakukichora, alikibakiza kichwani mwake, watu wasije wakamwibia. Ulidhani kwa ndugu yake asingefanya hivyo.

Homa ilimchukua sanduku likiwa bado tupu. Siku ya arobaini, wanawake wakipakua pilau, uliingia karakana ukatoka na mchoro chini ya koti, bati kwapani. Nilikuwa nimeshika birika la kunawishia wageni. Nilikuona, nikaendelea kuwamwagia maji. Baada ya wiki tukasikia uko Rebero, kambini kwa wale askari, umepewa kazi, unawaambia kwamba sanduku ni akili yako. Mama alisema tukuachie Mungu. Mimi sikukuachia.

Halafu ukaja, mpole sana, kuniuliza kama baba aliniachia neno. "Mtoto wangu, ile kitu iko inalia tu kama mbuzi." Nilitazama viatu vyako vipya nikasema sijui.

Nilijua. Nilikwenda kucheka, uso nimeuficha kwenye mto wa kulalia. Siku nyingi nililala vizuri kwa kukufikiria mbele ya afisa, sanduku likikulilia.

Kilichonitoa nyumbani si huruma kwako. Niliwaza kwamba kuna siku mtu wa kilima kimoja atapigwa, ataita msaada, na wa kilima cha pili hawatamsikia kwa sababu yangu. Nilikwenda Rebero na mama, siku uliyotumwa kilima cha ng'ambo na redio ya pili. Nikatia kapasita. Vilima vikasikilizana, sauti safi, kila mmoja kwa zamu yake.

Nilimwambia afisa mchoro ni wa nani. Alitaka kukufukuza siku ileile. Nikamwomba asikufukuze. Kwa Kifaransa, baba mdogo, na sikuwa nyuma ya mlango. Alikuwa amenieleza kwamba kituo lazima kiwe na jina, na kila asubuhi kilima cha kwanza kinaliita, kilima cha pili kinalirudia, na asiyelirudia haruhusiwi kusema lolote. Akaniuliza nataka malipo gani. Nikasema nataka kuchagua jina.

Nikachagua Ramadhani.

Afisa amenisimulia asubuhi ya kwanza. Waliita "Ramadhani" mara mbili, upande wako kimya. Mara ya tatu ukalirudia, lakini kwa sauti ndogo, hata wakadhani redio yako ni mbovu. Wakakuomba useme tena, kwa nguvu.

Nyumbani usirudi. Kaa hukohuko kilimani kwako, kazi ni yako. Kesho wakiita, itika.

Mimi,
binti wa kaka yako Ramadhani