Kimo cha Mlango wa Bustani

Kasongo, 9 Agosti 1938

Kwa kaka yangu mpenzi Faradji, huko Albertville,

Salamu kwanza, kisha salamu tena, maana zile za mwaka jana sidhani kama zilikushibisha. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Watoto wanaendelea na chuo? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakohoa kidogo alfajiri, lakini sauti ya kunigombeza anayo yote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mimi nimenenepa. Tangu nimalize eda ya marehemu mume wangu huko Kabambare na kurudi nyumbani, Mama ananilisha wali kana kwamba huko hakuna mpunga.

Barua yako tumeipata kwa mkono wa Ramazani mchuuzi. Unasema nyumba ya Baba imezeeka, ukuta wa bustani umeanguka, basi tuuze kiwanja, mimi na Mama tupande treni tuje kukaa kwako. Ahsante, kaka. Nilimsomea Mama, naye akauliza kama huko kwako kuna mndimu. Nikamwambia kuna ziwa. Akasema ziwa halikamuliwi kwenye samaki.

Ngoja nikupe habari za nyumba, maana uliondoka kijana na naona umeisahau. Kuta bado zina unene wa mkono mzima. Ukiingia kutoka juani, jasho linakauka ukumbini. Vidaka viko vyote, cha taa na cha msahafu. Baraza ya mbele Mama anaisiriba mwenyewe kwa udongo mweupe, na ole wake atakayeikalia kabla haijakauka. Mlango mkubwa wa mvule haujaguswa na mchwa, na maua yaliyochongwa juu yake yanaonekana moja moja. Ila bawaba zilishika kutu. Tangu Baba afariki hajaja mgeni wa kufunguliwa pande zote mbili, kwa hiyo tulikuwa tunapita upande mmoja tu, ule mwingine hausogei.

Ubovu ulikuwa nyuma. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiezeka upya kichwa cha ukuta kila kiangazi, kile kijipaa cha nyasi cha kuzuia mvua? Alipotutoka, hakuna aliyepanda juu kuuezeka. Maji yakaingia, na masika iliyopita upande mzima wa njiani ukalala chini, pamoja na kile kimlango cha bustani. Mikomamanga ikabaki uchi. Mbuzi wa Mama Sidonie, jirani yetu wa misheni, wakafanya karamu. Mwenyewe akaja kuomba radhi, akacheka mpaka akakaa chini, akasema kumbe bustani ya Waislamu iko tamu. Haya! Baada yake akapita mzungu wa serikali anayenyoosha njia, akasema ukuta usiposimama kabla mvua hazijarudi, njia yake itapita juu ya mndimu wetu.

Ndipo nikamwita Assumani. Unamjua, mjukuu wa mzee Feruzi, yule mtumwa aliyemjengea babu yetu nyumba hii. Alikuja kwa nyuma, kama watu wa kwao walivyokuja siku zote, akavua makubadhi pale penye kimlango, ingawa kimlango chenyewe kilikuwa rundo la udongo. Nilicheka, kaka. Kisha nikaona haya.

Mtu asikudanganye kuwa ni mpole. Anajisifu, anaimba vibaya, na siku ya kwanza tu aligombana nami juu ya tawi la mndimu alilotaka kulikata. Nilimwambia aanze na mguu wake. Alileta udongo wa kichuguu, akauchanganya na makapi ya mpunga, akaukanyaga, akajenga tabaka moja, kisha akakaa. Nikamwuliza mbona amekaa. Akanijibu kuwa tabaka lazima likauke ndipo libebe lingine, na kama nina haraka nikajenge mwenyewe. Mimi! Kwenye bustani ya baba yangu! Nikampelekea kahawa ili nipate nafasi ya kumsema vizuri. Kesho yake nikapeleka tena, na safari hiyo nikasahau kumsema. Tukaongea habari za marehemu mume wangu, na za mkewe aliyefariki kwa uzazi. Ukuta ulipofika kifuani, nilikuwa naomba jua lisiwe kali.

Ilipofika zamu ya kimlango, aliniuliza kiwe na kimo gani. Alisema babu yetu aliamuru kiwe kifupi ili anayeingia ainame, na Feruzi alikijenga kwa mikono yake, akawa wa kwanza kuinama. Alisema hivyo bila hasira, akifuta udongo vidoleni. Nikamwambia asimame pale wima. Nikachukua ufito, nikampima toka unyayo mpaka juu ya kofia, nikamwambia kiwe hivi, na shubiri moja zaidi. Siku ile hakuimba kabisa.

Sasa, kaka, nimefika kwenye neno lililonifanya ninunue karatasi. Assumani ananitaka, nami namtaka. Najua utasema mjukuu wa mtumwa haoi binti wa waungwana. Lakini kuanzia msingi, nyumba hii ni mikono ya Feruzi, na mimi na wewe tumelala ndani yake tangu utoto bila kumshukuru mtu. Mama nilipomwambia alijifanya hasikii. Jioni akampelekea kahawa yeye mwenyewe, ndani ya kikombe cha Baba. Sheikh anasema walii wangu ni wewe, atangoja jibu lako. Sitaki kuozwa na sheikh kama mtu asiye na ndugu, Faradji. Nakutaka wewe.

Kiwanja usiuze. Njoo. Mlango wa bustani sasa ni mrefu, lakini siku ya posa Assumani hatapita huko. Nimemwambia apite mbele, akukute barazani umekaa pale pa Baba. Ameniambia anaogopa, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kuvuka kizingiti kile. Mimi pia naogopa. Naogopa atavuka akute pale pa Baba hakuna mtu.

Mama anakusalimu sana na anambusu kila mtoto kwa jina lake. Ramazani anakuletea ndimu za mti wetu, na lile tawi tuliloligombania ndilo lililozaa zaidi. Msalimie wifi, mwambie chumba cha bustanini nimekifagia. Bawaba za mlango mkubwa nimezitia mawese tangu juzi, na sasa unafunguka pande zote mbili.

Mdogo wako akupendaye,
Waridi