Mishale ya Hannelore: nipake vanishi au mafuta?

Mpendwa Shangazi Leontien,

Nimeshika kalamu nikiomba unisaidie, maana nyumbani kwangu siku hizi hatuna habari nyingine ila mishale. Mimi ni mama yake Hannelore, huyohuyo unayemsikia, binti wa kwanza katika chama chetu cha upinde kuruhusiwa kumpiga ndege wa mbao siku ya mfalme, na atakayemwangusha yule ndege wa juu kabisa ya mlingoti ndiye mfalme wa chama mwaka mzima, anavaa mkufu wa fedha na kutangulia maandamano, na mimi uongo sijui, Shangazi, mtoto huyu ataupata. Wanaume wanauliza ataitwa mfalme au malkia, nikawajibu mwiteni mtakavyo, mkufu hauulizi shingo ni ya nani. Mishale kaichonga mwenyewe kwa mti wa msonobari, ukiiviringisha mezani haitikisiki hata kidogo, na hakuna aliyemshikia randa.

Sasa desturi ya chama chetu ni kwamba mpigaji hapaki mishale yake ya siku hiyo. Zamani wapigaji walipakiwa mishale na wake zao. Hannelore hana mke wala mume, basi kazi imeniangukia mimi, na mtu wa kupaka hapa kijijini, nisijisifu, ni mimi. Kila mwaka kabla ya maandamano naipaka vanishi ile mishale iliyomchoma Mtakatifu Sebastiani, sanamu yake ya kanisani, tabaka juu ya tabaka, mpaka unaiona ikimetameta toka mlangoni, hata padre alisema mbele za watu, "Godelieve, mtakatifu huyu hajawahi kuchomwa vizuri namna hii."

Hannelore yeye anataka mafuta ya kitani, yapanguswe kwa kitambaa basi, kama alivyozoea babu yake, Achiel, baba mkwe wangu. Mafuta ya kitani, Shangazi! Hapa kando ya mto Leie mafuta hayo tunapaka kila kitu, mpini wa sepetu, viatu vya mbao, mlango wa zizi la nguruwe. Mwanangu asimame mbele ya kijiji kizima na mishale ya rangi ya sepetu, wakati Ghislaine wa duka la mikate kamnunulia mwanawe mishale inayong'aa kama vijiko vya harusi?

Nikaupaka mmoja kwa majaribio, vilevile ninavyompaka mtakatifu. Ulitoka mzuri, ungelia ukiuona. Achiel akaupima mkononi, akasema, "Mkwe wangu, umepaka mshale au umesiliba ukuta?" Hannelore akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, huu nimpigie ndege au ng'ombe?" Akaubandika manyoya, akaenda nao uwanjani, akaupiga. Ukapanda kwa uvivu, ukageuka kabla hata ya kufika kwa wale ndege wengine wa chini mlingotini, na ulipoanguka vanishi ikapasuka kama ganda la yai. Wala hakunikasirikia. Alinibusu akasema, "Iliyobaki iko mikononi mwako, Mama. Utakayoipaka ndiyo nitakayoipiga."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikipaka mafuta, Ghislaine atanicheka mpaka Krismasi. Nikipaka vanishi, nitamwangusha mwanangu badala ya ndege. Nikiiacha mikavu, mvua yetu unaijua, itaangukia nyasi mbichi, itakunywa maji na kupinda. Na siku yenyewe ni Jumapili ijayo. Nipake nini?

Mimi, mama wa mfalme (bado kidogo tu),
Godelieve

*

Mama Hannelore,

Hongera kwa mtoto. Sasa kaa chini nikuseme.

Marehemu mume wangu alikuwa mpigaji, na mishale yake ilikaukia juu ya meza yangu ya jikoni, kwa hiyo haya nayajua kwa pua. Mafuta ya kitani unayoyadharau ni mazuri na mepesi, ila hayana haraka: kila mpako unataka siku kadhaa kukauka, na kwa unyevu wetu huu ni zaidi. Ukiyalazimisha, mwanao atasimama chini ya mlingoti na mishale inayonata vidoleni. Kwa hiyo utapaka vanishi.

Usishangilie! Vanishi haikukosa kitu, mkono wako ndio uliokosa. Weka brashi kabatini. Chovya kitambaa, pangusa mshale mara moja, uache ukauke kabisa, usugue polepole kwa msasa laini, pangusa tena, halafu toka humo chumbani. Ukiuona unametameta toka mlangoni, umeshazidisha. Yote ipate sawasawa, maana mmoja ukiwa mzito kuliko wenzake utamdanganya mkono. Pale panapobandikwa manyoya usipaguse kabla hujamuuliza Hannelore gundi yake inataka nini. Na kitambaa kitandaze nje kikauke, usikikunje ukakitupa kapuni, kinaweza kujiwasha moto chenyewe.

Fahari yako nayo ipate pa kukaa. Chini kidogo ya manyoya chora pete moja nyembamba nyekundu, moja tu Godelieve, ili mshale ukianguka nyasini mwanao auone upesi. Ghislaine naye akiuona, haidhuru. Lakini nakuambia mapema, Jumapili hiyo hakuna atakayetazama mishale ikiwa mkononi. Watu wote watakuwa wametazama juu.

Binti amekupa mishale yake baada ya kukuona umeharibu mmoja. Hiyo ndiyo sifa ya kuitangaza kwenye duka la mikate, wewe unahangaika na mng'aro! Na mkono wa kanisani uache kanisani. Mishale ya mtakatifu imeshafika ilikokuwa inakwenda, haina kazi tena ila kutazamwa. Ya Hannelore ndiyo kwanza inaondoka. Ipake kama kitu chenye safari.

Shangazi Leontien