Printa Imegoma Tena, Dada

Dada yangu Felista,

Najua huko unaitwa Sista Klara. Mimi nimeshindwa, ulimi haukubali. Aliyenibeba mgongoni kwenda shambani Mpui ni Felista. Huyo Klara nimekutana naye ukubwani. Bahasha sikuigundisha, na ni makusudi. Mama Mkuu wenu akitaka kuisoma, aisome. Masista wenzio wakitaka isomwe mezani, isomwe kwa sauti. Ninayoyasema nayasema mchana kweupe.

Nimekasirika. Jumapili iliyopita ulisema, kwa ile sauti yako ya upole, "Vitabu vya misa ya nadhiri nimempa Sista Oresta akachapishe dukani. Sikutaka kukutesa, na hiyo printa yako mgonjwa." Nikajibu, "Sawa dada, haina shida." Haina shida! Nilikata simu nikalia mpaka Mama akaja kuuliza nani amefariki. Dada yangu wa pekee Jumamosi ijayo anaweka nadhiri za daima, anaondoka kwetu moja kwa moja, na vitabu vyake wanapewa watu baki. Mimi ambaye kazi yangu ni kuchapa! Nimechapa kadi za harusi za watu nisiowajua, ratiba za mazishi, mitihani ya shule nzima. Vyako nisivichape?

Hebu kumbuka tulikotoka. Kompyuta ile uliinunua kuukuu, imejaa virusi, kuwaka kwake kama gari bovu asubuhi ya baridi ya Julai. Ukaifuta yote ukaweka mfumo huria, ule wa bure unaotengenezwa na watu wa kila nchi kwa kujitolea. Mafundi wa mjini wakatucheka: "Hiyo haitaelewana na printa yoyote." Na kweli, siku ya kwanza ulituma ukurasa mmoja tu wenye jina la Mama, printa ikatema karatasi kumi na tano za vinyota na alama zisizosomeka. Mama akavaa miwani, akaigeuza karatasi huku na huku, akauliza, "Hiki ni Kilatini?" Tulicheka hadi tukakaa chini. Siku tatu ulihangaika na dreva, ile programu inayoielewanisha kompyuta na printa, mpaka jina likatoka sawasawa. Ukanivuta nikae kitini. "Sasa fundi ni wewe. Mimi nikiondoka, hii ni yako." Nikadhani unazungumzia chuo.

Kumbe konventi. Ukaniachia printa inayochapa inapojisikia. Inatoa kurasa mbili, kimya. Umeme ukikatika na kurudi, foleni nzima ya kazi inasimama. Nikawa natuma ujumbe kwenye simu ya nyumba yenu: "Printa imegoma tena, dada." Jumapili saa kumi, mkiruhusiwa simu, unanipigia. Futa kazi zilizokwama. Zima printa. Chomoa waya. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika ninavyokutajia. Herufi moja moja, bila haraka, nusu saa, siku nyingine saa nzima. Watu wa hapa mtaani Kizwite wakilalamikia umeme, mimi nilikuwa nashukuru moyoni.

Halafu Jumapili moja nikapiga mwenyewe, akapokea mwingine. "Dada yetu yuko kanisani, subiri kidogo."

Dada yetu? Wenu tangu lini? Mlikuwepo alipoungua mkono akiniipulia uji? Nikameza. Ila kubwa lilikuwa bado. Ulipofika kwenye simu nikakusikia unamwambia mtu pembeni yako, aliyekuwa kwenye kompyuta yenu, "Bonyeza hapo, mdogo wangu. Taratibu, itachapa tu."

Mdogo wangu! Dada, niliona wivu mpaka masikio yakaziba. Siku ile ulinitajia maelekezo yote nisisikie hata moja. Nikamshtakia Mama. Akasema, "Mwache mwenzio, ameolewa na Mungu." Nikamjibu, "Sawa, lakini mbona wake wenza ni wengi hivyo?" Kandambili iliyonifuata naijua mimi mwenyewe.

Sasa nifike kwenye langu, maana nalo lipo. Printa ilipona tangu masika. Nilikaa nayo siku nzima peke yangu, nikafungua orodha ya printa, nikaona ziko mbili zenye majina yanayofanana. Ya pili ilijiandikisha siku nilipohamishia waya kwenye tundu jingine. Ile ya kwanza ilikuwa imebaki jina tu, haina mashine, na kazi zangu zilikuwa zinakwenda kujipanga huko zikisubiri. Nikaifuta. Tangu hapo haijakwama hata ukurasa mmoja. Nilicheza sebuleni peke yangu, dada. Nikashika simu nikuambie, najua ungefurahi, ungewatangazia wote mezani kwamba mdogo wako ni fundi kweli.

Nikaandika, "Printa imegoma tena, dada."

Ukapiga. Na Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Wewe unanitajia herufi, mimi niko na ungo mapajani nachambua maharage. "Umeandika?" "Nimeandika." "Inasemaje?" "Bado." Ukawa unashusha pumzi, unasema ngoja nikawaulize wanaojua zaidi. Ukaenda kuwaandikia wataalamu wa nchi za watu kuhusu printa nzima isiyo na hata mafua! Nilikuwa naona aibu, kisha ikifika Alhamisi naanza kuwaza nidanganye nini. Ikipona, ungenipigia kwa lipi? Huko una ratiba ya kengele, una sala, una wadogo wapya. Ugonjwa wa printa ndio uliokuwa saa yangu moja kwako. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye vitabu vyako.

Nisamehe. Wivu sijauacha, nisikudanganye tena. Sista Oresta hajanikosea kitu na bado simpendi. Jumamosi nitamwambia "Tumsifu Yesu Kristu" kwa tabasamu, na ndani nitakuwa nachemka.

Ila kazi ile irudishe nyumbani. Binti hutolewa na kwao. Mama atakushika mkono mpaka mbele ya altare, na ameshaandaa ulezi wa kimea kwa kinywaji cha sherehe. Mimi nikutoe kwa kitu gani, kama si kwa karatasi? Nitumie faili leo leo. Nitachapa, nitakunja, nitapiga pini kimoja kimoja, na pale padri atakapokuita kwa jina lako, liwe jina nililolipanga mimi kwa mkono wangu. Kama vimeshachapwa huko, basi, yamekwisha. Nitashika hicho hicho cha dukani na nitaimba.

Lakini Jumapili itakayofuata, ukiwa umeshakuwa wao kabisa, saa kumi ikifika, nipigie. Nakuambia mapema usije ukajiandaa bure: printa ni nzima, hakuna kilichokwama, sina swali lolote.

Nipigie hivyo hivyo.

Mdogo wako wa tumbo moja