Maji ya Kusukutua

Mdogo wangu mpendwa Mbaraka,

Jambo hili sijamwambia mtu. Siku ile uliyotutoka nilimwambia Mama kwamba ulilala mchana kutwa na hukuomba kitu. Nilisema uongo. Uliniomba maji, nikakunyima.

Mama alikuwa amekwenda kumwita dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, akaniachia neno moja: "Tumbo likiendesha, maji hapana. Ukimpa yatatoka yote, na roho yake." Nami unanijua, nikiambiwa jambo sibishi. Nikauhamishia mtungi uani. Ulikuwa na miaka mitano, midomo imekukauka hadi imepasuka.

"Dada, nipe ya kusukutua tu. Nitatema."

"Mama kakataa."

"Kizungu unakijua, kumpa mtu maji hujui."

Nikacheka, nawe ukacheka kidogo. Hukuomba tena.

Tangu hapo Mama huwaambia wageni, "Mwanangu hakuteseka, alilala tu." Uongo wangu ndio anaouegemea, na nimemwachia miaka miwili.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa sayansi alikata kiazi mbatata vipande viwili. Kimoja akakitia katika maji matupu, kingine katika maji ya chumvi nyingi. Tuliporudi kutoka mapumziko, cha kwanza kilikuwa kigumu, cha pili kimelegea kama kitambaa. Akaeleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu wa nyuma, kwamba mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, na kila chembe imevikwa utando mwembamba wa mafuta na protini. Maji hupenya utando huo yakifuata upande wenye chumvi zaidi. Chumvi yenyewe haipiti ovyo. Chembe nyekundu za damu ukizitia katika maji matupu, huvimba mpaka zikapasuka. Ndiyo maana hospitali humtia mgonjwa mshipani maji yenye chumvi kwa kipimo. Anayeharisha, alisema, anapoteza vyote viwili. Humnyimi, unamrudishia.

Nikanyoosha mkono, mara ya kwanza mwaka huu. "Na asiyefika hospitali, Mwalimu?"

Mtu akanong'ona, "Leo bubu kanena."

Mwalimu akasema apewe uji mwepesi wa mchele, kidogo kidogo, na chumvi yake isizidi ile ya machozi. Njia nzima ya kurudi Temeke nilijifunika kanga usoni.

Sasa una mdogo wako, Zuhura, aliyezaliwa baada yako. Tangu alfajiri anaharisha. Mama amekwenda tena kwa dresa, akaniachia neno lile lile. Nimewasha jiko. Chumvi nimeipima kwa machozi yangu, hayakuwa mbali. Kati ya kijiko na kijiko nakuandikia. Kimoja amekitapika, vingine vimekaa. Sasa hivi ameng'ang'ania kidole changu.

Nikimwambia Mama kwa nini nimempa, itabidi nimwambie na yako. Atajua uliomba. Nauogopa uso wake kuliko fimbo. Lakini nikinyamaza, kesho nikienda shule atamnyima.

Nisamehe, Mbaraka. Nilikutimizia kila ulichotaka isipokuwa hicho.

Nasikia makubazi ya Mama barazani. Nilikuwa naificha karatasi hii chini ya mkeka kila mtu akipita. Sasa naiacha wazi gotini. Anauliza nani kawasha jiko. Pumzika, mdogo wangu. Ngoja nimjibu.

Dada yako