Kalenda Iliyofunika Madaftari

Wifi Somoe,

Kalenda yangu ya mwaka jana ilipotea Januari, shule zilipofunguliwa. Uliichana ukafunikia madaftari ya wanao, hukuniuliza. Salamu hata hivyo. Huku Madale mvua haikatiki, na mihogo ya kukaanga inaliwa ya moto, na pilipili.

Leo mwanasaikolojia anayechunguza watoto wenye usonji na maradhi ya kudumu alivua viatu akakaa sakafuni na Idi wangu. Hakumwita mtukutu. Alimgusa goti tu, Idi akaruka.

"Mama Idi, safari hii alianza lini kujing'ata mkono?"

"Jana. Mara nne kabla ya adhuhuri."

"Na goti limevimba leo. Mtoto hasemi, huenda anatuambia maumivu yanakuja. Sina hakika mpaka nione siku nyingi."

Wifi, siku nyingi ninazo. Miezi kumi na miwili nilitia nukta kwenye kalenda ile kila alipojing'ata, na duara kila selimundu, ugonjwa wake wa damu, ilipomlaza. Na siku za nukta ndizo tulizokuwa tunamchapa, mie na wewe, tukisema ana kiburi.

Nimelia. Wabusu wanao, na usiwakemee madaftari yakibaki wazi. Bandua karatasi za kalenda taratibu, zisichanike.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana kadi hii nampa kondakta wa basi. Ijumaa mwanasaikolojia ananisubiri. Kurasa zote kumi na mbili zipo? Nipigie kabla ya saa nne asubuhi siku hiyo, useme ndiyo au hapana.

Mama Idi