Taya la Anuar na Panya wa Nadia

Palma, Oktoba 2012

Kwa mjukuu wangu Nadia, huko Lisboa,

Assalaam aleikum, mke mwenzangu. Shikamoo yako ya kwenye simu ilifika, marahaba mara mia. U mzima? Baridi ya huko imekuachia masikio? Unakula wali, au bado unatafuna mikate kama mgonjwa? Sisi hatujambo. Magoti yangu hayanisikii siku hizi, lakini sikumwita mtu na kalamu kwa ajili ya magoti. Anayeniandikia ni Delfina, nesi wa zahanati, yule wa Mueda, mke wa Virgílio. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie sukari.

Nadia, uvimbe umeyeyuka! Taya la Anuar limerudi mahali pake! Ningekuwa na mbawa ningekuja kukupigia vigelegele mlangoni, hao wazungu wenzako wadhani nyumba inaungua.

Najua kaka yako Zuberi alikupigia simu akakutolea maneno, eti umemponza mwanawe Anuar. Najua pia ulimwambia wifi yako Alima kwamba utaiacha hiyo kazi ya panya urudi nyumbani. Kwa hiyo tulia unisikilize, maana wewe umesikia hasira za Zuberi tu, mengine hujui.

Ilianza na meno. Jino la Anuar lilicheza, likang'oka, na la jirani yake likafuata. Sisi furaha tupu, mtoto amekua! Tukayarusha juu ya paa na kumwimbia panya achukue bovu alete jipya, kama tulivyokufanyia wewe. Hakuna aliyejiuliza kwa nini yameanza magego na meno ya mbele yapo imara. Kisha shavu likavimba kama la mtu aliyeficha limau, na limau likawa dafu. Jicho likaanza kusukumwa juu. Hapo ndipo Zuberi aliposema panya ameyakataa meno ya mwanawe, kwa sababu shangazi mtu anawaua ndugu za panya huyo huko Ulaya. Majirani nao, unawajua, wakatia kuni.

Delfina alipomtazama mdomoni akasema twende hospitali kubwa ya Nampula, na twende sasa. Zuberi akasema hapana, ataleta mganga kutoka Quionga amwombe panya radhi. Mimi nikakumbuka uliyonieleza Ramadhani iliyopita, nilipokugombeza kwamba hatukukuuzia mbuzi ukasome kufuga panya. Uliniambia hao panya wenu wa maabara huzaliwa mwilini hamna askari wa kupigana na maradhi, mkawatia chembe za damu ya watu, ndipo mkawapa kirusi fulani na kungoja muone damu inavyogeuka saratani. Na kwamba dawa huonja wao kwanza, kabla ya mtoto wa mtu. Ukaniambia kirusi hicho karibu sote tunacho, kimelala tu, ila huku kwetu kwenye malaria isiyokoma kuna watoto kinawaamkia, na mara nyingi uvimbe huanzia tayani. Siku hiyo nilikucheka. Mbele ya Zuberi sikucheka.

Nilimwuliza kazi yake ni nini. Akajibu kwamba mimi naijua, analinda mitambo ya wazungu wa gesi. Nikamwuliza hiyo gesi ameiona. Akasema haionekani, iko chini ya bahari. Nikamwambia babu zake wamevua juu yake miaka yote wasiijue, leo yeye anaiamini kwa sababu inamlisha. Basi na aamini kidudu kisichoonekana kwenye damu ya mwanawe, kwa sababu kinamla. Sikumngoja afikirie. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitambaa cha kapulana, mimi na magoti yangu, nikaenda na Alima kusimama mbele ya gari la wazungu hao lililokuwa linaelekea kusini. Dereva, Cândido, akapiga honi mpaka akachoka. Nikamwambia anikanyage au anipakie. Mzungu akashuka mwenyewe akanipa kiti cha mbele! Alima nyuma na mtoto, mzungu katikati ya mizigo. Tulipofika Diaca nikamnunulia ndizi, akala kwa adabu.

Nampula tulipokewa na daktari Catarina, binti mdogo, anasema haraka kama anakimbia mvua. Akakata kipande cha uvimbe, akakitazama kwa mashine yao, akarudi akasema ndio wenyewe, ule ule uliousema wewe, na kwamba tumewahi. Dawa ikaingia kwa mshipa. Mtoto alitapika, nywele zikaanguka, nikalia nikidhani tumemmaliza. Lakini Nadia, uvimbe ulikuwa unashuka tukiutazama! Jicho likarudi. Asubuhi moja akaniita kibibi mchoyo, anataka pweza. Nikapiga vigelegele, wodi nzima ikanisikia! Bado tutarudi kwa dawa zilizobaki, Catarina ametuapisha tusidanganywe na uso mzuri tukaacha katikati. Tutarudi hata kwa kutambaa.

Sasa lililobaki, na hili usilisome ukitembea. Catarina alituomba kile kipande kilichosalia kipelekwe kwa watu wa utafiti, kitiwe kwenye panya kama wako, wakijaribishie dawa. Alisema tukikataa mtoto atatibiwa vile vile. Hapa kwetu, unajua, kitu cha mwili wa mtu huzikwa, hata ukucha. Alima akanitazama. Nikamwambia mtoto ni wake na neno ni lake, lakini ningekuwa yeye ningekubali. Kisha nikamweleza jambo ambalo hata mama yako sikumweleza. Kabla yake nilizaa mtoto mwingine, Atumane. Tulisema alikufa kwa homa. Alikufa na taya kama hilo, Nadia, hivyo hivyo, kuanzia na meno. Nilimzika na mwili wake wote, hakukatwa hata unywele, na hakuna mtu duniani aliyejifunza kitu kwa kifo chake. Alima akaweka sahihi.

Zuberi tulimwambia habari ya kipande hicho juzi tu, mtoto akiwa amekaa mapajani mwake anamvuta ndevu. Alifoka, akatoka, akarudi. Akauliza kama panya atakayetiwa nyama ya mwanawe ataitwaje. Nikamjibu kwa jeuri yake ataitwa Zuberi.

Basi sikia. Sijui kama kipande kile kitafika kwenu au kwa wengine. Lakini ukiacha kazi hiyo kwa maneno ya watu wa Palma, usije nyumbani kwangu, nitakutoa kwa ufagio. Ukija likizo nitakupikia mpaka ushindwe kusimama. Nakupenda, mjinga wewe. Rudi kwa panya wako.

Alima anakusalimu na kukubusu. Delfina anakusalimu na kusema mkono umemuuma. Wasalimie wote wanaokutendea wema huko, na Mungu akulinde na baridi na watu wabaya.

Zuberi yuko hapa mlangoni, anajifanya anatengeneza baiskeli. Anaona haya kukupigia simu. Ananiambia nikuulize hao panya wanakula nini, na kama mnawapa cha kutosha.

Ni mimi bibi yako,
Ancha